Mwenye Maneno na Mwenye Sauti
Kiswahili humwita mtunzi yule aliyeandika maneno ya wimbo na humwita mtunzi pia aliyeunda sauti yake. Waarabu huwatenganisha: wa kwanza ni shā‘ir, yaani mshairi, wa pili ni mulahhin, mtia lahani. Wimbo “Enta Omri”, alioimba mwimbaji wa Misri Umm Kulthum mwaka 1964, ni maneno ya Ahmad Shafiq Kamel na lahani ya Mohammed Abdel Wahab, na Misri huwataja wote. Iceland humwita aliyeunda sauti tónskáld, yaani mshairi wa sauti. Jina la heshima kubwa! Taarabu ya Zanzibar, iliyochota mengi Misri, nayo ina mshairi na mtia muziki, lakini mara nyingi mwimbaji ndiye hutajwa peke yake. Watangazaji wawataje wote watatu.