Mjukuu wa Katumba si mkimbizi

Na Restituta Simbeye

Mtaala wa mwaka 2023 umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo lenyewe sina ugomvi nalo. Ila hapa Katavi sehemu kubwa ya historia hiyo imekaa kwenye madawati, watatu watatu, na hakuna anayeitaja isipokuwa kwa kejeli.

Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji Burundi wakaingia kwetu. Serikali ikawapa mapori: Katumba, kando ya reli ya Mpanda, na baadaye Mishamo. Walifyeka, wakapambana na mbung'o, wakalima mahindi na tumbaku. Mwaka 2010 Tanzania ikakubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, jambo ambalo nchi chache duniani zimethubutu. Awali ilipangwa watawanywe mikoani. Vyeti vilipoanza kutolewa mwaka 2014, wakaruhusiwa kubaki walipo. Kwa hiyo mtoto wa darasa la nne anayetoka katika familia hizo amezaliwa Mtanzania, na huenda mama yake naye alizaliwa hapohapo Katumba.

Sasa ingia darasani wakati wa kuita majina. Mwalimu anafika kwenye Ndayizeye, anakwama, anatabasamu, anasema, "Haya, wewe wa Burundi, upo?" Darasa zima linaangua kicheko. Robo saa baadaye mwalimu huyohuyo anaandika ubaoni: Umuhimu wa kuheshimu wenzetu. Watoto wananakili kwa hati nzuri. Siku ya mtihani wote watachagua herufi sahihi, na aliyechekwa pia ataichagua.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi hawa miaka ya 1980. Aliona kwamba wa Mishamo waliishikilia historia yao kwa nguvu, ilhali wengi walioishi Kigoma mjini walijichanganya na wenyeji, wakavaa majina na asili nyingine. Mtu mzima ana haki ya kujiamulia hivyo. Lakini mtoto wa miaka tisa anayemwomba mwalimu amwite John tu, hajaamua chochote. Amechoka.

Nitaambiwa ni utani. Nimekulia kwenye utani, naujua. Mtani hujibu, tena hujibu kwa ukali hata msibani, na hakuna anayekasirika. Mtoto mmoja mbele ya wenzake themanini na mwalimu mwenye fimbo atajibu nini? Hata mtoto wa kabila la wafugaji, anayechekwa kwa lafudhi ya Kisukuma, angalau ana ndugu zake nusu ya darasa.

Na kuna mtoto mwenye ualbino. Kwake heshima ni kuketi karibu na ubao, kuruhusiwa kofia yenye ukingo mpana hata mstarini, na kutorudi nyumbani peke yake. Mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa imezika watu waliouawa kwa sababu ya ngozi zao. Mwanafunzi anayezoea kumwita jina la kejeli leo anazoea kumwona si mtu kamili, na waganga wa ramli wanaishi kwa mazoea hayo.

Wathibiti ubora wa shule wakija katika halmashauri zetu za Nsimbo na Tanganyika hukagua maazimio ya kazi, maandalio ya somo na madaftari. Sawa, wakague. Ila wafike mapema, wakae nyuma ya darasa majina yakiitwa, watazame viranja ni akina nani na zamu ya kusafisha vyoo inawaangukia nani kila wiki. Hayo hayamo kwenye andalio la somo.

Na hilo somo la historia lianzie karibu. Wazee walioingia Katumba wakiwa vijana bado wapo. Mwalimu mkuu hahitaji kibali kutoka Dodoma ili amwalike mmoja wao aje aeleze lile pori lilivyofyekwa.