Mtoto wa Kambini na Somo la Kiingereza

Askari wetu wanajua kwamba mtoto wa kambini huhama pamoja na mzazi wake. Leo yuko Gulu, mwaka ujao Mbarara. Kila aendako hukuta lugha nyingine ya majirani, naye hushikilia Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachomfuata. Aingiapo sekondari hukuta hesabu, fizikia na jiografia zote zikifundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wa mwaka wa nne ni vivyo hivyo.

Hatuna ugomvi na lugha hiyo. Ni lugha rasmi ya Uganda kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995. Tunalolipinga ni kuifundisha kana kwamba mwanafunzi amekwisha kuijua. Tangu mwaka 2007 mtaala wa shule za msingi huanza na lugha ya mahali kwa madarasa matatu, na darasa la nne ndilo la kuvukia kwenye Kiingereza. Aliyevuka vibaya hapo hufika sekondari na kanuni alizokariri, bila lugha yenyewe.

Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, hali Kiingereza hutenga mume na mke. Basi kijana huandika habari za mama yake, na katika sentensi ya pili mama amekwisha kuwa mwanamume! Darasa hucheka. Mwalimu anayejua chanzo cha kosa hilo huliondoa kwa dakika chache. Asiyejua hushika fimbo, ambayo sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeikataza shuleni, kama ndugu zetu polisi wanavyofahamu. Kumvisha kibao shingoni mtoto aliyesema lugha ya kwao ni urithi wa ukoloni, nao haujafundisha Kiingereza hata siku moja.

Tutazame chuo cha mafunzo ya askari. Kuruta mmoja ametoka Karamoja, mwenzake Kigezi, wala hawasikilizani. Baada ya miezi michache wote wawili hupokea amri, hutoa taarifa na kutaniana kwa Kiswahili. Amri husemwa, mwili hutenda, neno hubaki. Lakini mwanafunzi wa sekondari aweza kumaliza juma zima akinakili ubaoni, asitoe kinywani sentensi moja iliyo yake.

Wanafunzi wapewe kazi ya kutenda kwa lugha. Mmoja aeleze njia ya kutoka lango la shule hadi sokoni, mwenzake achore ramani kwa kusikia tu; ramani ikipotoka, maneno hayakufika. Mwalimu wa fizikia naye afundishe tofauti ya "taja", "eleza" na "linganisha" kama zinavyoandikwa katika maswali, kwani wako wanaoanguka mtihani hali jibu wanalo.

Wazazi wenye sare wasiache mikutano ya shule kwa raia peke yao. Waende, na pamoja na kuuliza alama waulize mtoto amesema nini kwa Kiingereza juma hilo. Aliyepangiwa lindo siku hiyo aombe mwenzake amshikie zamu.