Kufuli Imara na Mkono wa Mwenye Ufunguo



Viongozi wetu wa jumuiya hapa Baleni, waandikao malalamiko ya migogoro ya ardhi pamoja na majina ya mashahidi, wameuliza swali la msingi: maandishi hayo yakifungwa kwa siri ndani ya kompyuta, je, dola yaweza kuyasoma?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, kufuli lenyewe ni imara. Njia ya usimbaji iitwayo AES, ambayo Marekani iliifanya kanuni ya serikali yake mwaka 2001, huyageuza maandishi kuwa vurugu ya alama zisizosomeka bila ufunguo. Idadi ya funguo za biti 256 ziwezekanazo huandikwa kwa tarakimu 78. Hakuna kompyuta iwezayo kuzijaribu zote.

Pili, asiyeweza kuvunja kufuli humwendea mwenye ufunguo. Tarehe 29 Oktoba 2015 polisi walivamia kituo cha TACCEO, umoja wa asasi zilizoangalia uchaguzi, jijini Dar es Salaam, wakachukua kompyuta na simu. Kompyuta ikamatwayo ikiwa wazi, au yenye neno la siri jepesi, haina siri tena. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alishtakiwa kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi. Hapo haikuvunjwa hesabu yoyote, alibanwa mtu.

Ndipo suala linapokuwa la haki. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Lakini kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru taarifa zitolewe, bila kupita kwanza kwa hakimu. Hatusemi wahalifu wafichwe. Twasema atakaye siri za mwenzake aeleze sababu mbele ya hakimu.

Nasi tutimize wajibu wetu: tuandike yale tu yanayohitajika, tuzime kompyuta tumalizapo kazi, neno la siri liwe refu na lisibandikwe ukutani. Jina la shahidi ni amana. Aliyelipokea alilinde, na sheria imsaidie kulilinda.