Kura ya mama ilitoka mbali

Juma lililopita, kisha kugawa likelemba, tulibishana juu ya kura. Wengine walisema haina faida: wabunge wanakwenda Kinshasa, barabara yetu ya Dilala inabaki na vumbi lilelile. Hatuwalaumu. Lakini tukumbuke kwanza namna kura hii ilitufikia.

Mwaka wa 1960, inchi ilipochagua wabunge wake wa kwanza, wanaume peke yao ndio walipiga kura. Sisi wanawake tulipewa haki hiyo mwaka wa 1967. Mwaka huohuo MPR ya Mobutu ikazaliwa, na kisha ikabaki chama pekee. Tulipewa kijiko siku chungu kilipofunikwa!

Mobutu alifungua tena vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, lakini uchaguzi wenyewe ulikawia miaka 16, na vita katikati. Ulifika tarehe 30 Julai 2006, Kolwezi ikiwa bado ndani ya Katanga. Viti vya bunge vilikuwa 500. Walioviomba walipita watu 9,000. Kule Kinshasa karatasi ya kura ilikuwa na kurasa kadhaa, kubwa kama bango. Lakini ilikuwa na picha na namba, kwa hiyo hata mama asiyejua kusoma aliweza kumtafuta mtu wake na kutia alama, bila mume kumchungulia.

Wanawake walioingia bungeni walikuwa 42 tu. Katiba mpya, kipengele cha 14, ilikuwa imeahidi usawa, lakini sheria ya uchaguzi ikasema orodha isiyo na usawa huo haitakataliwa. Hapo ndipo ahadi ilipotoboka. Sheria ya 2022 ilisogea kidogo: orodha yenye wanawake nusu hailipiwi dhamana.

Basi mgombea akija na vikwembe na chumvi, tumuulize orodha ya chama chake ina wanawake wangapi. Kikwembe mtu akitaka apokee, nguo ni nguo, lakini mbunge anakaa miaka 5.

Jumamosi kila mmoja alete karte yake ya kupigia kura, tutazame jina na tarehe ya kuzaliwa kama viko sawa. Na kama karte yako imebaki rehani kwa aliyekukopesha unga wa bukari, useme mapema, tuone namna likelemba itakavyoikomboa.