Na Kijana wa Dukani Je?

Nimechoka na hadithi ya mjasiriamali aliyeunguliwa na duka. Mnaijua. Tumeiandika sote, tena kwa mbwembwe: moto unateketeza mali, tajiri anashika tama siku tatu, siku ya nne anauza shamba la urithi, anaanza upya na meza moja ya karanga, ukurasa wa mwisho ana ghorofa. Hongera zake! Lakini wale vijana wanne waliokuwa wakimpangia mzigo na kumfungulia duka alfajiri wameishia wapi? Ukurasa wa pili hawapo tena. Mwandishi kawaunguza pamoja na bidhaa.

Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo alilolichora Beda Amuli, liliposhika moto usiku wa 10 Julai 2021, mji mzima uliuliza wenye vizimba wamepoteza shilingi ngapi. Swali la haki kabisa. Ila mimi sikusikia mtu akimwuliza mpagazi, wala muuzaji wa kuajiriwa ambaye hakuwa na chake cha kuungua, kesho yake atakula nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Haya, pita madukani uwaombe vijana kumi wakuonyeshe hiyo karatasi. Watakucheka, bwana.

Namjua mwenye duka mmoja, jina nalihifadhi. Duka lake la vitenge lilipoungua aliwaita vijana wake, akawaambia kila mtu ashike njia yake, riziki anagawa Mungu. Mshahara wa nusu mwezi waliokwisha kuufanyia kazi nao ukaenda na moshi. Miezi mitatu baadaye akafungua tena, akawaita. Walirudi wawili, shida iliwaleta. Wakawa wapo wapo tu. Mteja akiuliza bei, wanajibu huku wanachezea simu. Kitenge kikianguka leo kitaokotwa kesho. Tajiri akazunguka vijiweni akilalamika eti vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Moyo walikuwa nao, mzee! Uliwaambia washike njia. Yule wa tatu aliishika kweli, akiwa na namba za wateja wa jumla wa Morogoro na Lindi kwenye simu yake, na sasa anawauzia mwenyewe. Huyo ndiye mjasiriamali wa baada ya maafa, ila hakuna anayemwalika kwenye semina.

Najua mtaniambia biashara haiendeshwi kwa huruma. Sawa. Basi tutoke Kariakoo twende kwa mabepari wenyewe, Marekani.

Tarehe 11 Desemba 1995 kiwanda cha nguo cha Malden Mills, katika jimbo la Massachusetts, kiliungua. Zaidi ya watu 30 walijeruhiwa. Mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, alikuwa anatimiza miaka 70 siku hiyohiyo. Viwanda vingi vya nguo vya eneo lile vilishahama kitambo kufuata vibarua wa bei nafuu. Angechukua fidia ya bima akapumzike, nani angemshangaa? Siku 3 baadaye aliwakusanya wafanyakazi katika ukumbi wa michezo wa shule, akawaambia mshahara wa mwezi mzima watalipwa, na kwamba kiwanda kitajengwa palepale. Mwezi ulipokwisha akaongeza wa pili, kisha wa tatu. Zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamekaa nyumbani na bado wanalipwa. Waliorudi kazini kwenye sehemu iliyonusurika walichapa kazi hasa: kwa maelezo ya Feuerstein mwenyewe, baada ya wiki chache walikuwa wanatoa kitambaa kingi kuliko kabla ya moto.

Hapo mjuaji ataruka: mbona alifilisika! Kweli, Novemba 2001 kampuni ilikimbilia mahakamani kujikinga na wadai, na baadaye mzee akaupoteza usukani. Lakini tupige hesabu. Mishahara ile ilikadiriwa kuwa dola milioni 25. Kujenga upya kulikula mamia ya mamilioni, mengine ya mkopo, na sokoni kukajaa vitambaa vya kuiga vya bei poa. Deni la majengo na mitambo ndilo lililomzamisha. Kibaba cha wafumaji kilikuwa tone tu. Cha ajabu, kila bosi anayetimua watu anaukumbuka mwaka 2001, huo wa 1995 anausahau.

Mimi kisa hiki kinanitia wasiwasi wa namna nyingine. Ari ya watu 3,000 ilining'inia kwenye roho ya mzee mmoja. Je, angeamka vibaya asubuhi ile? Ndiyo maana ile karatasi ya masharti naipenda kuliko tajiri mwema, ingawa tajiri mwema simkatai.

Sasa nyie wenzangu mnaoandika. Mnajua kuelezea moshi, tena mnauelezea vizuri mno. Nileteeni hadithi moja ambamo soko linaungua, na badala ya kumfuata tajiri benki, mwandishi anapanda daladala na mpagazi hadi Tandale, anaketi naye kibarazani, anasikia anavyomwambia mkewe kwamba kesho hakuna kazi. Aanze hapo.