Mtoto Mwenye Usonji Apewe Mnyama wa Kutunza

Katika kaya nyingi za Kolandoto na vijiji vya jirani, mtoto akifikisha miaka saba hivi hukabidhiwa ndama au mbuzi wachache awachunge karibu na nyumba. Lakini yupo mtoto ambaye hakabidhiwi kitu. Hasemi, au hurudia maneno yale yale. Hakutazami usoni. Hushinda akizungusha kifuniko cha chupa, na mashine ya kusaga ikiunguruma huziba masikio na kulia. Wageni wakija hufungiwa chumbani. Maoni yetu ni kwamba huyu ndiye angetangulia kupewa mnyama.

Hali hiyo huitwa usonji. Haiambukizi, si laana, wala si kazi ya bibi jirani mwenye macho mekundu (macho hayo, sote twajua, ni ya moshi wa jikoni). Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ni vigumu basi kuamini kwamba ipo parokia isiyo nao. Ila wengi wamefichwa.

Kwa nini mnyama? Mazungumzo yetu ni mzigo kwa mtu mwenye usonji: maneno, sauti, macho na mizaha, vyote kwa pamoja. Mbuzi hana mzaha. Akiwa na njaa hulia leo kama alivyolia jana, na akipewa majani hunyamaza. Tena watu wengi wenye usonji hupenda ratiba isiyobadilika, na ndama naye anataka kufunguliwa na kunyweshwa saa ile ile kila siku, hata sikukuu.

Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi juu ya watoto 99 wa shule, 33 kati yao wakiwa na usonji. Wenye usonji walipokuwa na simbilisi wawili waliongea zaidi, walitazama zaidi nyuso za wenzao na walicheka zaidi kuliko walipokuwa na vichezeo. Hawakupona usonji, na yeyote anayewaahidi wazazi kuuponya anawadanganya. Lakini lipo jambo lililotugusa zaidi: watoto wengine nao waliwasogelea zaidi. Mtoto aliyepakata mnyama hakosi wenzake wa kumzunguka.

Na watu wazima? Profesa Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, alichelewa kusema hadi umri wa miaka mitatu na nusu. Alipokuwa msichana alikwenda kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, akawapenda ng'ombe. Akatambua kwamba wanaogopa vitu ambavyo watu hawavioni: kivuli chini, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa uani. Baadaye alibuni mazizi na njia za kuwapitishia ng'ombe bila fujo, akawa mwalimu wa sayansi ya mifugo katika chuo kikuu. Wachungaji wetu wa Usukuma wangeelewana naye mara moja. Kijana wa miaka 20 aliyekaa ndani tangu utotoni huenda anamjua kila ng'ombe wa baba yake kwa madoa yake, ila hajaulizwa.

Hata hivyo, wazazi, msimlazimishe. Wako wanaotishwa na kubweka kwa mbwa. Huyo aanze na kuku au mbuzi mpole, na mtu mzima awepo, kwa sababu mtoto anaweza kumminya mnyama kwa nguvu bila kujua. Asitumwe kuchunga peke yake: watoto wengi wenye usonji hupenda kutangatanga na huvutwa na maji, na malambo yetu hayana uzio. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Afisa mifugo wa kata aulizwe. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Limebaki moja ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana. Kwetu mnyama ni akiba. Huuzwa kwa ajili ya ada, hutolewa mahari, huchinjwa Noeli. Mtoto aliyemtunza mbuzi mwaka mzima akikuta kamba tupu asubuhi anaweza kukataa chakula kwa siku nyingi, naye hana maneno ya kueleza kilichompata. Baba mwenye kaya aamue tangu mwanzo kwamba mbuzi huyu hauzwi. Ikilazimu kumuuza, mtoto aonyeshwe mapema mnyama atakayefuata, amlishe pamoja na yule wa kwanza kwa wiki kadhaa, na siku ya mnada awepo amwone akiondoka.