Kabla Serikali Ifike Voi, Gunia la Jumuiya Limeshafika

Kama umewahi kupita Voi ukiwa ndani ya SGR, najua chenye unakumbuka. Stesheni kubwa, jua la kuchoma kisogo, na ndovu wekundu wa Tsavo wenye uliwapiga picha kwa dirisha. Treni inasimama kidogo, wasee wa Nairobi wanapost, safari inaendelea Mombasa. Hakuna mtu hupost Kaloleni, Sofia, Birikani ama Mwakingali. Huko ndiko kuna watu wanaamka wakihesabu: leo ni siku ya kudishi ama ni siku ya chai ya rangi?

Na kuna Jumamosi zingine, mapema kabla jua lichome, utaona mama watatu hivi wakiwa wamejifunga leso, mmoja na kidaftari, mwingine ana unga ya pakiti mbili mbili kwa karai. Hawana gari ya nembo wala koti la shirika. Hao ni watu wa kanisa, na hapa kwetu mara nyingi ndio hufika kwa mlango wa kwanza.

Nataka tuongee kuhusu hao mama, juu siku hizi tukisema "kanisa" kwa mtandao tunamaanisha pasta wa gari kubwa. Hiyo ni nusu ya stori tu.

Venye mambo hupangwa ni simple kuliko unavyodhani. Kwa Wakatoliki kuna jumuiya ndogo ndogo, nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinakutana kwa mtu, wanasali, wanasomeana Neno, alafu wanaanza zile za "mama fulani hatujamwona wiki mbili." Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua tangu 1976 kwamba hizo jumuiya ziwe ndio msingi wa parokia, na kusema ukweli sidhani walijua wanatengeneza mfumo wa kutafuta wenye njaa ambao serikali haijaweza kuiga mpaka leo. Kwa Waanglikana hiyo kazi utaipata kwa Mothers' Union. Jumapili watu wanabeba sadaka ya vitu: unga, sukari, sabuni, mahindi na maharagwe ya kupika pure. Kwaresma inakuwa zaidi. Orodha inatoka kwa jumuiya, inaenda kwa katekista, inafika kamati ya parokia. Hakuna fomu ya kujaza kwa simu, hakuna kuambiwa "mtandao uko chini". Mama anajua nani hajawasha jiko juu anakaa ukuta mmoja naye.

Sasa swali ni, mbona hii njaa haiishi? Si watu wa Taita ni wavivu. Angalia ramani. Kaunti ilikuwa na watu 340,671 kwa sensa ya 2019, na zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ni mbuga ya Tsavo. Toa hiyo, toa mashamba makubwa ya mkonge, toa maranchi, uone kenye kinabaki cha kulima. Alafu mvua. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Uhuru alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na mpaka mwisho wa 2022 watu zaidi ya milioni 4 Kenya nzima walikuwa wanahitaji chakula cha msaada. Hapa Voi tuliona mifugo ikianguka kando ya barabara kama nguo zimedondoka kwa kamba.

Na hata mvua ikinyesha, kuna jirani mwingine. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu karibu 15,000 eneo la Tsavo. Ndovu hajui mpaka wa shamba lako. Unalima miezi minne, mahindi yanaanza kubeba, usiku mmoja familia ya ndovu inakuja kula yote na inabomoa tangi la maji ikiondoka. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema kuna fidia, mtu akiuawa familia ilipwe milioni 5. Kwa karatasi ni poa sana. Kwa ground, hiyo fomu inasafiri ofisi kwa ofisi miaka, na wewe unataka kula leo saa moja usiku. Hapo ndipo karai la unga linaingia.

Kuna wenye wamejaribu kufunga hilo tundu. Kule Sagalla wakulima wameweka mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, mradi wa Save the Elephants, juu ndovu anaogopa nyuki vibaya sana. Inasaidia, na asali wanauza. Lakini ukame ukikaza maua yanaisha, nyuki wanahama, na uzio unabaki masanduku matupu yananing'inia.

Ukitaja Sagalla, kuna kahistoria kadogo. Mmishonari wa CMS anaitwa Wray alifungua misheni hapo 1883. Mwaka uliofuata ikaja njaa kubwa yenye Wataita waliipa jina kabisa, Mwakisenge. Yaani kanisa halikuwa limemaliza hata miaka miwili kwa huu mlima na tayari swali lilikuwa ni nani anakula. Miaka 140 baadaye tuko hapo hapo, tofauti ni sasa tuna kaunti, mbunge, seneta na gavana.

Turudi kwa ganji. Zamani nyuma ya parokia kulikuwa na mashirika makubwa, na nyuma ya mashirika kulikuwa na pesa za nje. Januari 2025 Trump akafunga bomba la misaada, na kufika Julai mosi USAID ikawa haipo tena. Catholic Relief Services yenyewe ilikuwa inategemea serikali ya Marekani kwa karibu nusu ya bajeti yake. Maana yake ni kwamba lile karai la Jumamosi halina mtu mkubwa nyuma yake. Ni unga ya muuza mboga akimpa muuza mboga mwenzake.

Hapo ndio mwanasiasa anajua kuingilia. Mnakumbuka Novemba 2024, Ruto alienda kanisa la Soweto pale Nairobi akaacha milioni 2.6, na Askofu Mkuu Anyolo akasema irudishwe. Machi 2025 ikawa milioni 20 kwa kanisa la Roysambu, vijana wakaandamana. Sisi wote tulishangilia kwa mtandao. Hata mimi.

Lakini wacha niseme kitu wengine hawatapenda. Kukataa milioni 2.6 ukiwa Nairobi si sawa na kukataa thao hamsini ukiwa na parokia ambayo waumini wake ni wakata mkonge na watu wa boda. Hapa bahasha ya mheshimiwa inaweza kununua unga ya watu wengi sana. Bado naona inafaa kukataliwa, na sababu yangu si utakatifu. Ni orodha. Siku mheshimiwa akinunua ile unga, atataka kuona kidaftari. Alafu majina yataanza kubadilika. Mzee mwenye mtoto wake alipigia mpinzani kura, mara ghafla hayuko na njaa.

Na orodha zetu hazijaanza kuwa safi hivyo. Hapa nitaongea yangu. Mwaka niliacha chuo, fees ilikuwa imeshinda mathe, na mambo ya kudishi pia yalikuwa magumu. Jina lake likaingia kwa kidaftari. Si hapa Voi, na kanisa silitaji. Jumapili moja walisimamisha "wapokeaji" pale mbele, wakapewa unga mmoja mmoja, mtu wa kamera akawaambia washike juu kidogo ndio ionekane vizuri. Ile picha ilikaa Facebook miezi. Mathe hakurudi hilo kanisa. Hakuwa amekasirikia Mungu, alisema tu amekuwa tangazo. Kwa hivyo nikiona parokia inapeleka chakula asubuhi mapema, mlangoni, bila kamera, najua kuna mtu alikaa chini akafikiria.

Kitu kingine ni nani hayuko kwa orodha kabisa. Voi ni mji wa watu wengi: Wataita, Wakamba, Wasomali, Waislamu wa miaka na miaka, watu walikuja na reli ya zamani wakabaki. Jumuiya inajua watu wake. Je, yule dada wa keja ya pili mwenye hasali popote, anaosha nguo za watu, ana watoto watatu? Kuna parokia zinamhesabu, na kuna zenye zitamuuliza kwanza anasali wapi. Misikiti nayo hufanya hivyo Ramadhani kwa futari, wengine wanagawia kila jirani, wengine wanaangalia jina. Mimi napima hivi: kama unauliza dini kabla ya kupima unga, hiyo ni chama ya wanachama. Si vibaya kuwa na chama, ila usiiite huduma kwa majirani.

Na kuna mahali karai halifiki hata likijaa vipi. Mgonjwa akilazwa. SHA inataka angalau soo tatu kwa mwezi, sawa, lakini kwa msee wa kazi za mkono unaambiwa ulipe ya mwaka mzima mara moja, 3,600. Muulize mama wa kufua kama ameshawahi kushika 3,600 ambayo haina deni. Mzee wa zaidi ya miaka 70 ana thao mbili za Inua Jamii kwa mwezi, na zikichelewa anakopa duka, zikifika ni za duka. Kwa hivyo parokia inajikuta inachangisha SHA na bili ya hospitali, vitu tayari tunalipia kodi. Hapo ndipo nataka kaunti na Nairobi wabanwe, si kusifiwa siku ya kukabidhi magunia.

Maana vijana tunajua hii kazi inawezekana. Juni 2024 baada ya maandamano, tulichangia majeruhi kwa simu, ashu kwa mbao, ikafika mamilioni, na Hanifa akatoa hesabu hadharani ya venye zilitumika. Hiyo ndiyo kidaftari, ila ya mtandao. Parokia zikibandika hesabu hivyo kwa ubao wa nje, kilo ngapi zimeingia, nyumba ngapi zimefikiwa, bila majina, watu wangetoa zaidi. Hata mimi na hiki kimshahara cha kuandika ningetoa.

Jumamosi iliyopita nilimbebea anti yangu karai, juu goti lake limeanza kusumbua. Nyumba ya tatu tulibisha hakuna mtu. Nikamwambia tupite tutarudi jioni. Akanitazama, akagonga mlango wa jirani, mama Mwislamu mwenye walisoma naye zamani, akamwachia pakiti mbili. "Akirudi mpe. Na moja ni yako, usijifanye." Yule mama akacheka, akaingia ndani, akatoka na mafuta ya kupika kwa chupa ya soda. "Basi na hii mpelekee yule wa kule chini." Anti akafungua kidaftari, akaandika mafuta.